Kompyuta Mpakato Ndogo ya Bei Nafuu: Inachokupa na Inachokunyima

Kila mwaka wa masomo unapoanza, walimu wa vyuo vya afya huulizwa swali moja lisilokuwamo katika mtaala wowote: "Mwalimu, ninunue kompyuta gani?" Muulizaji huwa na fedha kidogo na mkoba uliokwisha kujaa vitabu na koti jeupe. Mashine atakayoinunua ataibeba kutoka hosteli hadi darasani, kutoka darasani hadi wodini, na baadaye hadi kituo cha afya cha wilayani wakati wa mafunzo kwa vitendo. Swali hilohilo huulizwa na mganga mfawidhi wa zahanati ambaye umeme wake ni wa jua na ambaye kila mwezi anadaiwa taarifa. Wote wawili huvutwa na aina moja ya mashine, yaani ile ndogo, nyepesi, yenye kioo cha inchi 11 au 12, na ambayo bei yake ni ya chini kuliko zote zilizopangwa dukani.

Makala hii inaeleza ubora na upungufu wa mashine ya aina hiyo kwa mtu wa fani ya afya. Baadhi ya upungufu wake hurekebishika baadaye kwa fedha kidogo, na mwingine haurekebishiki kamwe. Mnunuzi anayejua kuutofautisha anaweza kuondoka dukani na kitu kizuri kwa bei ndogo. Asiyejua hununua mara mbili.

Ilikotoka mashine hii

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa Eee PC 701. Kioo chake kilikuwa cha inchi 7, RAM megabaiti 512, hifadhi gigabaiti 4, na uzito wake haukufika kilo moja. Kwa macho ilifanana na kitu cha kuchezea watoto, lakini wanunuzi waliigombea, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Mwaka 2014 kampuni ya HP ya Marekani ilitoa HP Stream 11 kwa bei ya dola 199.99. Ilikuwa na kioo cha inchi 11.6, RAM ya gigabaiti 2, hifadhi ya gigabaiti 32, na uzito wa takribani kilo 1.3. Ilipakwa rangi ya buluu au ya waridi iliyokolea, kana kwamba mtengenezaji alitaka kuifariji mapema kwa yale ambayo ndani yake hayakuwamo.

Tunaichukua HP Stream 11 kuwa mfano wetu kwa sababu muundo wake ndio unaorudiwa hadi leo katika mashine ndogo za bei ya chini za kampuni mbalimbali. Majina hubadilika, kichakataji hubadilika, gigabaiti 2 za RAM huwa 4, lakini mifupa ni ileile.

Meza na kabati

Tuanze na jambo zito kuliko yote, ambalo ndilo huelezwa kwa haraka zaidi na muuzaji. Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. RAM ni kama meza ya daktari: mafaili yaliyofunguliwa sasa hivi hukaa hapo, na meza ikijaa, kila faili jipya hulazimisha jingine kurudishwa kabatini. Hifadhi ni kabati la masijala: mafaili yote hukaa humo, hata umeme unapokatika. Meza ndogo huchelewesha kazi. Kabati dogo huikwamisha kabisa.

Katika kompyuta kubwa ya kawaida, RAM ni kijiti kinachochomekwa na kuchomolewa, na hifadhi nayo hufunguliwa kwa bisibisi. Katika HP Stream 11 na jamaa zake, vyote viwili vimelehemewa kwenye bodi kuu. Hilo hupunguza gharama za kiwandani na kuifanya mashine iwe nyembamba. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba kiasi alichonunua siku ya kwanza ndicho atakachokuwa nacho hadi siku ya mwisho. Hakuna fundi atakayemwongezea.

Hifadhi yenyewe ni ya aina iitwayo eMMC, ambayo ni ndugu wa kadi ya kumbukumbu ya simu. Haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo haivunjiki mashine ikidondoka kama ilivyokuwa diski za zamani, na hilo ni jema kwa mtu anayesafiri kwa bodaboda. Lakini kasi yake ni ndogo kuliko ya SSD. Tena gigabaiti 32 zilizoandikwa juu ya boksi huonekana kama 29 hivi ndani ya Windows, kwa kuwa kiwanda na mfumo endeshi havihesabu kwa kipimo kimoja. Mwaka 2019 Microsoft ilipandisha kiwango cha chini cha hifadhi kwa toleo la 1903 la Windows 10 hadi gigabaiti 32, yaani ukubwa wa kabati zima la mashine hii. Matokeo yake yalijulikana na kila aliyeimiliki. Masasisho yalishindwa kuingia kwa kukosa nafasi, mtumiaji akafuta picha na mihadhara yake ili kuupisha mfumo, na mwezi uliofuata akafuta tena.

Leo tatizo hilo lina sura nyingine. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai angalau RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha yake. Mashine ya gigabaiti 32, hata ikiwa mpya kama ilivyotoka kwenye boksi, haimo katika hesabu hiyo. Yenye gigabaiti 4 na 64 imo, lakini imesimama mlangoni. Anayeipata kwa bei ya kutupa anaweza kuifufua kwa mfumo wa Linux kama vile Linux Mint, ambao hutosheka na RAM ya gigabaiti 2 na kufanya kazi vizuri zaidi kwa 4. Kwa kuandika, kusoma na kutumia kivinjari, mashine hiyo itafaa.

Kazi gani basi huenea katika meza ndogo? Fomu za mwezi za MTUHA huingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao hufunguliwa ndani ya kivinjari. Kwa hiyo RAM ya gigabaiti 4 hutosha, mradi kurasa nyingine zifungwe. Kuandika tasnifu na kusoma vitabu vya kielektroniki hakuna tatizo. Uchambuzi wa takwimu ni suala jingine. Programu ya R, kwa desturi yake, huipakia data yote katika RAM kabla ya kuifanyia lolote. Dodoso la washiriki 400 litapita bila shida, lakini faili la mkoa mzima litaigandisha mashine. Programu za anatomia zinazozungusha mwili kwa pande tatu nazo huikwamisha, na mwanafunzi anayezitegemea asijidanganye.

Mashine isiyo na feni

Hapa ndipo udogo unapostahili sifa, na kwa maoni yangu ubora huu hautajwi inavyopasa. Kichakataji cha HP Stream 11 ya kwanza kilibuniwa kwa kiwango cha wati 7.5, na vile vya Celeron N4000 na N4020 vilivyofuata kwa wati 6, ilhali vya kompyuta mpakato za kawaida ni wati 15 na zaidi. Kwa kuwa joto ni dogo, feni haihitajiki. Pasipo feni hakuna tundu linalovuta vumbi, na vumbi ndilo huziua kompyuta nyingi za vijijini kabla ya wakati wake. Wodini kuna faida nyingine: mashine isiyopuliza hewa haitawanyi kilichomo juu ya meza, na umbo lake lililoziba ni rahisi kulipangusa. Kibodi ni mojawapo ya vitu vinavyobeba vimelea kutoka mkono hadi mkono, kwa hiyo inafaa kupanguswa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya asilimia 70, mashine ikiwa imezimwa, bila kunyunyizia maji hayo moja kwa moja juu yake.

Joto linagusa pia mwili wa mtumiaji. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Stony Brook walichapisha matokeo ya vipimo vya wanaume 29 wenye afya waliokaa na kompyuta mapajani kwa saa moja. Joto la mfuko wa korodani lilipanda kwa nyuzi 2.6 hadi 2.8 za Selsiasi. Habari hiyo ilienea sana, lakini sehemu yake ya pili husahaulika. Kukaa tu na mapaja yamebanwa, bila kompyuta yoyote iliyowashwa, kulipandisha joto hilo kwa nyuzi 2.1. Mkao wenyewe ulichangia sehemu kubwa, na uwezo wa kuzaa haukupimwa. Madaktari wa ngozi nao wanayafahamu madoa mekundu yanayogeuka kahawia, yenye umbo la wavu, ambayo tangu zamani huonekana kwa watu wanaoota moto karibu mno. Madoa hayo yameonekana pia mapajani mwa watumiaji wa kompyuta zenye joto. Mashine ya wati 6 hupunguza hatari hiyo, ingawa meza huiondoa kabisa.

Kwa zahanati yenye umeme wa jua, hesabu ni nyepesi. Kompyuta ndogo ikila takribani wati 10, kazi ya saa 8 hutumia wati-saa 80. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, ikila wati 100, hutumia 800. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na haifai kushushwa chini ya nusu yake. Basi kompyuta ya mezani ingeimaliza akiba ya 600 kabla ya jioni, ilhali ile ndogo ingeacha umeme wa taa ya chumba cha kujifungulia. Na umeme ukikatika katikati ya kuingiza taarifa, betri yake huilinda kazi isipotee.

Kioo na picha ya eksirei

Kioo cha mashine hii kina pikseli 1,366 kwa 768, jumla yake milioni moja na kidogo. Kwa maandishi zinatosha. Lakini wanafunzi na watumishi wengi sasa hupokea picha za eksirei kwa simu au barua pepe na kuzifungua katika kompyuta hizo, na hapa lazima tuseme wazi: kioo hiki hakifai kutolea uamuzi wa uchunguzi.

Picha ya kidijitali ya eksirei ya kifua huwa na pikseli 2,000 kwa 2,500 hivi, yaani milioni tano. Ikionyeshwa nzima katika kioo cha milioni moja, pikseli nne kati ya tano huyeyushwa ndani ya jirani zake. Kilicho chembamba ndicho hutoweka kwanza, kama vile mstari wa utando wa pafu pale hewa ilipovuja kifuani, au vinundu vidogo vya kifua kikuu kilichosambaa. Mtumiaji anaweza kuikuza picha na kuisogeza kipande kwa kipande, na hilo husaidia, lakini tatizo la pili hubaki. Picha hiyo huhifadhi ngazi za kijivu 4,096 au zaidi. Vioo vingi vya bei ya chini huonyesha ngazi 64 tu za kila rangi, na nyingine huzibuni kwa kuchanganya nukta. Tena ukiinamisha kioo kidogo mbele au nyuma, kijivu hugeuka cheupe au cheusi. Watu wawili waliokaa bega kwa bega huona picha mbili tofauti za pafu moja.

Mwangaza nao ni mdogo, takribani kandela 200 kwa mita ya mraba, ilhali vyama vya wataalamu wa mionzi nchini Marekani hupendekeza angalau 350 kwa kioo cha kusomea picha za uchunguzi. Kipande kimoja cha CT-Scan, chenye pikseli 512 kwa 512, huenea vizuri katika kioo hiki, na hilo huwadanganya wengi. Ukubwa umetosha, kijivu hakijatosha. Kwa kujifunza na kujadiliana, kitumike. Kwa kuamua kama mgonjwa arudi nyumbani, isomwe ripoti ya mtaalamu au picha ifunguliwe katika kioo kinachostahili.

Shingo na macho

Kompyuta mpakato ya aina yoyote ina kasoro moja ya kuzaliwa, kwamba kioo kimeungwa na kibodi. Mikono ikikaa sawa, shingo huinama; shingo ikikaa sawa, mikono huning'inia juu. Kadiri mashine inavyokuwa ndogo, ndivyo kioo kinavyoshuka na shingo inavyozidi kuinama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Daktari mpasuaji wa uti wa mgongo, Kenneth Hansraj, alichapisha mwaka 2014 makadirio yaliyofanywa kwa kompyuta, si kwa kupima watu, yakionyesha kwamba mzigo juu ya shingo hufikia takribani kilo 12 kichwa kikiinama nyuzi 15, kilo 18 kwa nyuzi 30, na kilo 27 kwa nyuzi 60. Tarakimu hizo zisichukuliwe kama kipimo cha kila mtu, lakini mwelekeo wake unaeleza kwa nini mwanafunzi aliyekesha na tasnifu huamka na maumivu yanayotoka kisogoni hadi begani.

Macho yana hesabu yake. Kioo cha inchi 11.6 na kile cha inchi 15.6, vikiwa na idadi moja ya pikseli, huonyesha maandishi yaleyale, lakini kimo cha herufi katika kile kidogo ni robo tatu tu ya kimo chake katika kile kikubwa. Kijana husogeza uso karibu bila kujua. Muuguzi aliyevuka miaka 40, ambaye lenzi za macho yake zimeanza kupoteza unyumbufu, hawezi hata hilo. Ongezea kwamba mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka na kuwasha.

Upungufu huu, tofauti na ule wa RAM, unarekebishika. Kibodi na kipanya cha nje, vya bei ndogo, hukuruhusu kuipandisha mashine juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ukaribie usawa wa macho. Herufi zikuzwe hadi asilimia 125, hata kama mistari michache zaidi itaonekana kwa mara moja. Kila dakika 20, macho yaangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. HP Stream 11 ina tundu la HDMI, kwa hiyo penye kioo kikubwa au hata televisheni, kebo moja hulimaliza tatizo la shingo na la herufi kwa pamoja.

Taarifa za wagonjwa

Kitu kinachoingia katika mkoba wako huingia pia katika mkoba wa mwizi. Mtumishi anayeweka orodha ya wagonjwa wa kliniki ya VVU katika kompyuta ya kilo 1.3 amebeba siri za watu wengi katika daladala. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nenosiri la kufungulia Windows pekee halitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine na kuyasoma mafaili. Kinachohitajika ni usimbaji wa hifadhi yote. Baadhi ya mashine za Windows Home zina usimbaji wa kifaa unaowashwa katika mipangilio, na Linux huuliza jambo hilo wakati wa kusakinishwa.

Kule kulehemewa kwa hifadhi kunarudi hapa kwa ukali zaidi. Kompyuta yenye diski ya kuchomoa inapoharibika, unaichomoa diski, unabaki nayo, na fundi anapewa mashine tupu. Mashine ya eMMC huenda kwa fundi pamoja na kila kilichomo. Na bodi kuu ikiungua, data huungua nayo kwa maana ya kwamba kuitoa ni kazi ya mafundi wachache sana. Nakala rudufu katika diski ya nje iliyosimbwa, kila wiki, ni sehemu ya gharama ya kuimiliki mashine hii, na iingizwe katika bajeti.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa bei inayokaribiana, duka la mitumba huwa na mshindani: kompyuta za ofisini za inchi 12.5 kama vile ThinkPad X260 ya mwaka 2016. Hiyo ina nafasi ya RAM inayokubali hadi gigabaiti 16, hifadhi inayobadilishwa, na betri mbili, moja ya ndani na moja inayochomolewa kwa nje. Ina feni, na kichakataji chake hakimo katika orodha ya Windows 11. Mdogo wake, X280 ya mwaka 2018, yumo katika orodha hiyo, lakini RAM yake nayo imelehemewa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye na miaka mitano mbele yake, ningechagua mashine ya ofisini inayofunguka kuliko mpya isiyofunguka. Kwa zahanati inayohitaji DHIS2, barua na lahajedwali juu ya umeme wa jua, ningechagua ile ndogo isiyo na feni, mradi iwe na gigabaiti 4 na 64 au zaidi.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuonyeshwa ikiwa imechomekwa ukutani. Chomoa chaja. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili litakalotajwa. Humo mna tarakimu mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, ambao kwa HP Stream 11 ni wati-saa 37 na ushei, na uwezo wake wa leo. Tarakimu ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, bei ya betri mpya ikatwe hapohapo katika mapatano.